Neno "Counterpart" na Ndugu Zake: Mwongozo Kamili wa Kulielewa, Kulitumia na Kulitafsiri

Kigoma ni mkoa wa mpakani. Ukifanya kazi ya ofisi hapa mjini, Kasulu, Kibondo au Buhigwe, hazipiti siku nyingi kabla hujaletewa karatasi ya Kiingereza yenye neno "counterpart" ndani yake. Utalikuta kwenye muhtasari wa kikao cha ujirani mwema na Burundi, kwenye andiko la mradi, kwenye mkataba wa pango, kwenye ripoti ya uvuvi. Na kila karatasi inalitaka neno hilo liseme jambo lake. Wengi hukimbilia kuandika "mwenza" kila mahali, wengine hulikwepa kabisa. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya makarani, wakalimani, waandishi wa habari na wanafunzi wanaotaka kulimudu, wakilisoma na wakiliandika.

Hatua ya 1: Shika maana kabla ya kutafuta neno

"Counterpart" ni nomino. Humtaja mtu au kitu kinachoshika, upande wa pili, nafasi ile ile inayoshikwa na kingine upande huu. Mtu anaweza kuwa mwalimu au mvuvi bila kumtaja mtu mwingine, lakini hawezi kuwa "counterpart" peke yake. Lazima awe wa fulani. Kwa hiyo kila ukilikuta, jiulize mambo mawili: pande mbili zinazozungumzwa ni zipi, na nafasi inayofanana ni ipi? Ukiweza kuyajibu hayo kwa maneno yako, tafsiri iko karibu kukamilika. Ukishindwa, usiandike kitu bado. Rudi juu kwenye aya uone nani ametajwa.

Hutamkwa kama "káunta-pat", mkazo ukiwa mwanzoni kabisa. Wingi wake huongezwa "s". Halitumiki kama kitenzi.

Asili yake inasaidia sana kuelewa matumizi ya leo. Waingereza walilichukua kutoka Kifaransa cha kale, nalo hapo awali lilikuwa neno la hati: nakala ya pili ya maandishi ya makubaliano. Enzi hizo Uingereza kulikuwa na desturi ya kuandika makubaliano mara mbili juu ya ngozi moja, kisha kuikata ngozi hiyo kwa mstari wa meno meno. Kila upande ulibaki na kipande chake. Ukizuka ubishi, vipande vililetwa pamoja, na meno yakioana hati ilikubaliwa kuwa ya kweli. Maana ya watu, yaani ofisa wa huku na ofisa wa kule, ilikuja baadaye. Lakini maana ya hati haikufa. Bado imo kwenye mikataba mnayosaini leo, nasi tutaifikia.

Hatua ya 2: Tenganisha nafasi na thamani

Hapa ndipo kiini cha jambo kilipo, na ndiyo sehemu ninayoomba uisome polepole. Kiingereza kina maneno mawili ambayo wanafunzi wengi huyachanganya: "counterpart" na "equivalent". La kwanza husema vitu viwili vina nafasi ile ile. La pili husema vina thamani ile ile, au ni kitu kile kile kwa jina lingine.

Chukua samaki wetu. Dagaa wa Ziwa Tanganyika, wale wanaoanikwa Kibirizi na Katonga, ukivuka kwenda Burundi wanaitwa ndagala, na upande wa Zambia wanaitwa kapenta. Ni samaki wale wale, hasa aina ambayo wataalamu huiita Stolothrissa tanganicae. Kwa hiyo ndagala ni "equivalent" ya dagaa wa Kigoma: unaweza kuliondoa jina moja ukaweka lingine na maana isibadilike. Vivyo hivyo mgebuka wa kwetu na mukeke wa Bujumbura. Ni samaki mmoja, Lates stappersii.

Sasa waangalie dagaa wa Mwanza. Wanaitwa dagaa, ni wadogo, wanavuliwa usiku kwa taa, wanaanikwa, wanasafirishwa kwa magunia. Lakini ni samaki wengine kabisa. Jina lao la kitaalamu ni Rastrineobola argentea, nao ni wa jamii ya kapi wa maji baridi, wakati wa kwetu ni wa jamii ya sardini wa baharini. Dagaa wa Mwanza si "equivalent" ya dagaa wa Kigoma. Ni "counterpart" yao: katika Ziwa Victoria wanashika nafasi ambayo wa kwetu wanaishika katika Ziwa Tanganyika. Na mama yeyote anayenunua dagaa sokoni atakwambia tofauti ya bei na ya ladha bila kuhitaji jina la kitaalamu. "Equivalent" ya dagaa wa Mwanza itafute Kenya, ambako huitwa omena, na Uganda, ambako huitwa mukene.

Ukikumbuka mfano huo mmoja wa dagaa, utaepuka makosa mengi ya kutafsiri yanayotokea maofisini. Kabla ya kuandika "sawa na", jiulize: ni ndagala, au ni dagaa wa Mwanza?

Hatua ya 3: Kwa watu, anza na "mwenzake"

Kiswahili kimejaliwa neno linalofanya kazi hii vizuri kuliko Kiingereza chenyewe: mwenzangu, mwenzako, mwenzake, wenzetu, wenzenu, wenzao. Umilikishi umo ndani ya neno, kwa hiyo ule uhusiano wa pande mbili unajionyesha wenyewe. Halijali jinsia, halina ubaridi wa kiofisi, na kila msomaji analijua.

Mfano: "Fishers in Kigoma and their counterparts in Kalemie" (Kalemie ni mji wa Kongo, ng'ambo ya ziwa) ni "Wavuvi wa Kigoma na wenzao wa Kalemie". Basi. Hakuna haja ya "wavuvi wanaolingana nao". Ripoti za takwimu hulipenda sana neno hili zinapolinganisha makundi: "Women in rural areas walk farther for water than their urban counterparts". Andika: "Wanawake wa vijijini hutembea mbali zaidi kufuata maji kuliko wenzao wa mjini."

Cheo kikiwepo, kitangulize: waziri mwenzake wa Burundi, rais mwenzake, mganga mkuu mwenzake. Muundo huu ni wa Kiswahili safi na unaondoa shaka kuhusu nafasi inayozungumzwa.

Kuna mtego mmoja mkubwa. "Mwenzake" na "mwenza wake" si kitu kimoja. Katika Kiswahili cha leo mwenza ni mume au mke. Ukiandika kwamba mkuu wa wilaya "alikutana na mwenza wake wa Burundi", umemwoza mtu ng'ambo ya mpaka. Mwenza akifuata cheo ana kazi nyingine tena: mwenyekiti mwenza, mgombea mwenza, mke mwenza. Hao wako upande mmoja, wanashirikiana jambo moja. "Counterpart" yuko upande wa pili. Mgombea mwenza wa urais si "counterpart" wa mgombea urais, kwa kuwa wote wawili wanagombea pamoja kwa tiketi ya chama kimoja. "Counterpart" wake ni mgombea mwenza wa chama kingine.

"Mwenzake" nalo lina udhaifu wake, na ni vizuri kuujua. Kiingereza hutenganisha "colleague", mtu mnayefanya kazi pamoja, na "counterpart", mtu mwenye kazi kama yako mahali pengine. Kiswahili huwaita wote mwenzako. Sentensi "Ofisa forodha alimpigia mwenzake" inaweza kumaanisha mtu wa meza ya jirani. Dawa ni kuongeza mahali: "alimpigia mwenzake wa upande wa Burundi". Maneno machache, lakini bila hayo msomaji anabaki kubahatisha.

Kisha kuna suala la vyeo visivyolingana, na hili kwa mkoa wetu ni zito. Tuseme umepewa: "The Kigoma Regional Commissioner hosted his Congolese counterpart." Nani huyo? Upande wa Kongo, tangu majimbo yalipogawanywa upya mwaka 2015, ng'ambo yetu kuna Jimbo la Tanganyika lenye makao makuu Kalemie, nalo linaongozwa na gavana. Mkuu wa mkoa wetu huteuliwa na Rais. Gavana wa Kongo huchaguliwa na bunge la jimbo lake. Chanzo cha mamlaka ni tofauti, na mamlaka yenyewe ni tofauti. Hata hivyo itifaki inawakalisha meza moja, kwa kuwa kila mmoja ndiye mkubwa wa eneo lake la mpakani. Hivyo ndivyo "counterpart" linavyofanya kazi: linataja kiti, halipimi nguvu ya anayekikalia.

Kwa sababu hiyo usiandike "mkuu wa mkoa wa Kongo". Cheo hicho Kongo hakipo. Wala usiandike "kiongozi wa ngazi sawa", kwa kuwa utakuwa umedai usawa ambao mwandishi wa Kiingereza hakuudai. Andika "mwenzake wa Kongo, Gavana wa Jimbo la Tanganyika". Cheo halisi ukikijua, kitaje. Ukiwa hukijui, mpigie simu mwandaaji wa kikao umuulize; ni dakika mbili za kazi, na barua ikishavuka ziwa ikiwa na cheo cha kubuni huwezi kuirudisha tena.

Hatua ya 4: Kwa taasisi, rudia jina

"Mwenzake" hukaa vizuri kwa watu. Kwa vitu vya jozi pia, maana tunasema kiatu na mwenzake, hereni na mwenzake. Lakini kwa wizara, bunge au halmashauri linakwama. "Wizara ya Afya na mwenzake ya Burundi" haisemeki.

Njia bora ni ile rahisi: rudia. "The Ministry of Health and its Burundian counterpart" iwe "Wizara ya Afya ya Tanzania na ile ya Burundi". Kile kiwakilishi "ile" kinatosha. Waandishi wa Kiingereza hufundishwa kuogopa kurudia neno, ndiyo maana wanalihitaji "counterpart" mara nyingi kiasi hicho. Kiswahili hakina hofu hiyo, nawe usiiazime.

Hatua ya 5: Kwenye mikataba, sahau watu

Karibu na mwisho wa mikataba mingi ya Kiingereza kuna kifungu kama hiki: "This agreement may be executed in counterparts, each of which shall be deemed an original." Hapa hakuna wenzao wala wenza. Maana ile ya karne nyingi zilizopita imerudi: nakala. Kifungu kinasema kwamba si lazima wahusika wote wasaini karatasi moja. Mmoja anaweza kusaini nakala yake Kigoma, mwingine akasaini yake Dar es Salaam, na nakala hizo zikahesabiwa mkataba mmoja.

Tafsiri inayofaa: "Mkataba huu unaweza kusainiwa katika nakala zaidi ya moja, na kila nakala itahesabiwa kuwa mkataba halisi." Zingatia "halisi". Ukiacha neno hilo msomaji atadhani ni kivuli, yaani fotokopi, na fotokopi haina nguvu hiyo. Neno "executed" nalo hapa ni kutiwa saini. Si kutekelezwa.

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Hati zilizokuwa zikiachwa kwa Kiingereza bila kuguswa sasa zinadaiwa kwa Kiswahili, na kifungu kama hiki kikipotoshwa, mtu anaweza kukana saini yake au kupoteza nyumba aliyopanga kihalali. Mwenye kutafsiri mkataba ana dhamana ya mali ya watu.

Katika mikataba ya pango ya Kiingereza utakuta pia "lease and counterpart". Kwa desturi ya Uingereza mwenye nyumba husaini "lease" na mpangaji husaini "counterpart", kisha wanabadilishana, kila mmoja akiwa na karatasi yenye saini ya mwenzake. Kwa Kiswahili inatosha kuandika "nakala ya mwenye nyumba" na "nakala ya mpangaji".

Na usichanganye na "counterparty". Hilo ni neno la benki na biashara, nalo ni mhusika wa upande wa pili katika makubaliano: ukiuza, yeye ndiye anayenunua. Hashiki nafasi kama yako. Anashika nafasi ya kukukabili.

Hatua ya 6: Kwenye miradi, uliza nani anatoa nini

Mkoa wetu umepokea miradi mingi ya wafadhili, hasa inayohusu wakimbizi wa Nyarugusu na Nduta na vijiji vinavyozizunguka kambi hizo. Kwenye maandiko yake utakuta "counterpart staff" na "counterpart funds". La kwanza ni mtumishi wa serikali anayepangwa kufanya kazi bega kwa bega na mtaalamu wa nje ili ujuzi ubaki baada ya mgeni kuondoka. "Mtaalamu mzawa wa mradi" linaeleweka, au taja kitengo anachotoka.

La pili lina historia ndefu. Lilipata umaarufu wakati wa Mpango wa Marshall ulioanza mwaka 1948, Marekani ilipozisaidia nchi za Ulaya baada ya vita. Nchi iliyopokea msaada iliweka kwenye akaunti maalumu fedha za nchi yake zenye thamani inayolingana na msaada ule. Siku hizi, kwenye andiko la mradi wa halmashauri, kwa kawaida ni mchango ambao serikali au wananchi wanatakiwa kutoa ili mfadhili naye atoe wa kwake. Andika "mchango wa halmashauri" au "mchango wa serikali". Diwani akisoma "fedha za mwenza" hatajua anadaiwa nini, na ni haki yake kujua.

Hatua ya 7: Wajue ndugu zake

"Match" kwenye mtihani ni oanisha. Mtoto aliyemaliza darasa la saba kwa Kiswahili anaijua kazi hiyo vizuri: oanisha maelezo ya Kundi A na yale ya Kundi B. Akifika kidato cha kwanza anakuta "match the items", anababaika, kumbe swali ni lile lile alilolizoea. Mwalimu, mwambie hivyo siku ya kwanza.

"Corresponding" ni kinachohusiana nacho mahali pake, na mara nyingi "husika" inatosha: "write the corresponding letter", andika herufi husika.

"Equivalent" ndiyo yenye matumizi mengi. Kwa fedha: "or its equivalent in shillings" ni "au kiasi chenye thamani hiyo kwa shilingi". Kwa maneno ya lugha mbili, wanataaluma wa tafsiri husema kisawe, wingi visawe. Kwa saa, kumbuka Burundi na Kongo ya mashariki wako nyuma yetu kwa saa moja: kikao cha saa 4 asubuhi Kigoma ni saa 3 asubuhi Bujumbura. Kwenye mwaliko andika zote mbili, watu wasikae kusubiriana.

Kwa vyeti, tahadhari. Tangazo la kazi likisema "Form Four or equivalent", maana yake ni "kidato cha nne au elimu inayolingana nayo". Anayeamua kama cheti cha nje kinalingana si mtafsiri wala mwajiri. Kwa vyeti vya sekondari ni Baraza la Mitihani la Tanzania, na kwa shahada ni Tume ya Vyuo Vikuu. Kijana aliyesoma Kongo atakuja na "Diplôme d'État". Usiiandike "stashahada" kwa kuwa inafanana na diploma. Ile ya Kongo hutolewa mwisho wa sekondari, ya kwetu ni ya chuo. Acha jina la Kifaransa lilivyo, ongeza "cheti cha kumaliza sekondari nchini Kongo", kisha mwelekeze akaombe kulinganishiwa.

Hatua ya 8: Ukiliandika mwenyewe kwa Kiingereza

Tumia "counterpart of" au "counterpart to" kwa kitu, na "counterpart in" kwa mahali: "her counterpart in Burundi". Ukitaja taifa, litangulize: "her Burundian counterpart". Usiandike "same counterpart" kwa nia ya kusisitiza kufanana, maana kufanana kumo tayari. Na likijirudia mara tatu kwenye aya moja, taja cheo cha mtu badala yake.

Jipime

Funika majibu kwa mkono, ujaribu mwenyewe kwanza.

"Nurses in Kasulu trained with their counterparts from Makamba." Wauguzi wa Kasulu walipata mafunzo pamoja na wenzao wa Makamba, Burundi.

"Each party shall retain one counterpart." Kila upande utabaki na nakala moja halisi ya mkataba.

"The fee is 20 US dollars or its equivalent." Ada ni dola 20 za Marekani au kiasi chenye thamani hiyo.

"In 2024 Tanzania and its counterparts closed the lake to fishing from 15 May to 15 August." Hii ina mtego. Pande hazikutajwa, nawe unazijua: ziwa lina nchi nne. Andika: "Mwaka 2024 Tanzania na nchi nyingine za Ziwa Tanganyika, yaani Kongo, Burundi na Zambia, zilisimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti."

Sasa geuza upande: "Mvuvi wa Ujiji alimuuzia mwenzake nyavu." Usiandike "counterpart". Hakuna pande mbili hapa, ni wavuvi wawili wa mwalo mmoja. Andika "sold his nets to a fellow fisherman".